Ndizi Juu ya Makaa: Historia ya Tunda Lililofika Ziwani Kabla ya Mahindi



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), aliyetuumbia matunda ya kila rangi na kila ladha, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, mada yangu safari hii huenda ikakushangaza. Nataka tuzungumze juu ya tunda linalowekwa juu ya makaa. Siku hizi ukifungua televisheni utawaona wenzetu wa Marekani na Ulaya, kiangazi chao kinapofika mwezi wa Juni, wanatoa majiko uani, wanachoma nyama, na kando ya nyama wanapanga vipande vya nanasi na pichi kwenye wavu. Vijana wetu wakiona hivyo husema, "Ala! Kumbe matunda nayo huchomwa?" Wengine hata hujaribu nyumbani na kuona wamevumbua jambo jipya.

Hebu sasa nenda stendi ya Migori jioni, au soko la Oyugis, au ufukweni Homa Bay. Utamkuta mama amekaa nyuma ya jiko lake, anageuza ndizi juu ya makaa. Yeye hapigwi picha. Tena wapo wanaopita wakisema kwamba hicho ni chakula cha mtu asiye na pesa ya nyama. Basi jambo likifanywa na mgeni ni ustaarabu, na likifanywa na mama yetu ni umaskini!

Mimi nasema pande zote mbili zimekosa historia. Tunda juu ya makaa si mtindo wa jana, wala si alama ya dhiki. Ni jambo la zamani sana, na sisi Waislamu, na hasa sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Twende pole pole.

TUNDA LENYE SAFARI NDEFU

Mgomba si mmea wa asili ya Afrika. Wataalamu wamekubaliana kwamba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Papua Guinea Mpya. Katika bonde moja la huko nyanda za juu, linaloitwa Kuk, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata alama za watu kulima migomba zaidi ya miaka 6,500 iliyopita. Migomba ya mwituni ina mbegu ngumu ndani ya tunda. Binadamu aliichagua ile isiyo na mbegu, akaipanda kwa chipukizi, akachagua tena, mpaka ikawa hii tunayoijua. Maana yake mgomba hausafiri wenyewe. Haubebwi na ndege wala upepo. Kila mgomba unaouona Rongo au Kehancha uko hapo kwa sababu mtu fulani alibeba chipukizi kutoka kwa mtu mwingine, na huyo kutoka kwa mwingine, kurudi nyuma maelfu ya miaka.

Kutoka Asia ndizi zilivuka Bahari ya Hindi zikaingia Afrika. Ni lini hasa? Wanavyuoni wa akiolojia bado wanabishana, lakini hakuna anayebisha kwamba ni zamani sana, kabla ya Mreno yeyote kutia mguu pwani yetu. Na zilipofika kwenye eneo la maziwa makuu zilizaa aina nyingi mpya ambazo hazipatikani kwingine duniani. Matoke ya Uganda na ndizi za kupika za Kisii ni jamaa moja, na jamaa hiyo imekulia hapa hapa kwetu.

Sasa linganisha na vitu vingine unavyoviona kwenye jiko la barabarani. Mahindi yametoka Amerika. Viazi vitamu, mihogo, nanasi, na hata pilipili unayoipaka kwenye hindi lako, vyote asili yake ni Amerika, na vilianza kuletwa upande huu wa dunia baada ya mwaka 1492. Hata mbuta, samaki tunayejivunia kwa wageni, aliwekwa ziwani katika miaka ya 1950. Kwa hiyo katika vitu vyote vinavyochomwa jioni Homa Bay, ndizi ni mzee wao. Yeye ndiye mwenyeji, mahindi ni mgeni.

NDIZI KATIKA ELIMU YETU

Katika Suratul Waaqia, aya ya 29, Allah (S.W.) ametaja mti uitwao talhi miongoni mwa neema za watu wa kuliani. Wafasiri wengi, na imepokelewa hivyo kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), wamesema mti huo ni mgomba, na sifa ya matunda yaliyopangika tabaka juu ya tabaka inauelekea mkungu wa ndizi jinsi ulivyo. Wapo wafasiri wengine waliosema ni mti wa miiba wa nchi za Waarabu. Sisi hatuingii katika hukumu ya hilo, bali tunaona tu kwamba wanazuoni wa mwanzo waliijua ndizi na wakaiona kuwa ni tunda la heshima.

Na kula tunda pamoja na chakula kingine si jambo geni katika sira. Abdullah bin Jaafar (R.A.) amesimulia kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) akila matango pamoja na tende mbichi. Na imepokelewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbichi, joto la kimoja likapoza na ubaridi wa kingine. Yaani kuoanisha vyakula, kitamu na kisicho kitamu, cha moto na cha baridi, ni jambo lililofanywa kwa kuelewa.

BAGHDAD: TUNDA CHINI YA NYAMA

Twende sasa Baghdad wakati wa Bani Abbas. Katika karne ya 10 mtu mmoja aitwaye Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu kikubwa cha mapishi ya makhalifa na watu wa enzi yao. Ndani yake kuna chakula kiitwacho judhaba. Wapishi walipanga mikate myembamba kwenye chombo pamoja na matunda na sukari, wakakiweka chombo hicho chini kabisa ya tanuri. Juu yake wakaning'iniza kuku au nyama. Nyama ilipokuwa ikiiva, mafuta na mchuzi wake ulidondoka juu ya mkate na matunda, navyo vikaiva kwa moto ule ule. Wakati wa kula, nyama ilikatwa ikaliwa pamoja na ile judhaba.

Miongoni mwa matunda yaliyotumika ni ndizi! Judhaba ya ndizi imo kitabuni, na inanasibishwa na Ibrahim bin al-Mahdi, ndugu yake Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 839. Huyu alikuwa mtoto wa mfalme, mshairi, na mpenzi mkubwa wa mambo ya jikoni. Basi yule anayedhani kwamba kuweka tunda kando ya nyama ya kuchoma kumeanzia uani kwa Wazungu, mwambie akasome habari za Baghdad. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita ndizi ilikuwa ikiivia chini ya kuku ndani ya jumba la Kiabbasi.

Mtu atauliza, ndizi Baghdad zilitoka wapi wakati kule ni baridi wakati wa kipupwe? Migomba ilikuwa imeshaenea kutoka India hadi nchi za joto za Waislamu, Oman ikiwamo. Biashara ya bahari ndiyo iliyobeba mimea, vitabu na watu. Na biashara hiyo hiyo ndiyo inayotuleta nyumbani.

WASAFIRI WAWILI PWANI YETU

Al-Masudi alizaliwa Baghdad. Alisafiri sana, na safari yake ya mwisho katika bahari yetu ilikuwa mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia, aliporudi Oman kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa ni Pemba. Ameandika kwamba chakula kikuu cha watu wa nchi ya Zanj ni mtama, na kwamba ndizi kwao ni nyingi kama zilivyo nyingi India. Angalia, ndugu yangu: miaka 1,100 iliyopita, mtama na ndizi. Wazee wetu wa Kiluo ambao mtama wauita bel wangekaa na watu hao wakala sahani moja bila kuulizana maswali.

Wa pili ni Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331. Mogadishu alipokelewa na kadhi, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi, na chakula kikaletwa kutoka kwa sultani. Anaeleza kwa furaha: wali wa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kando tena, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe mabichi. Yaani matunda matatu yamezunguka sinia la wali na nyama, hakuna hata moja lililokuja mwisho kama tunavyofanya leo kwenye hoteli! Akaongeza kwa mzaha kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wana miili mikubwa na vitambi.

Akaendelea mpaka Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliwasifu watu wake kwa dini na uaminifu, akataja misikiti yao imara ya mbao, akataja ndizi, ndimu na zambarau. Kisha akasema neno ambalo kila mtu wa Homa Bay anapaswa kulisikia: chakula chao kwa wingi ni ndizi na samaki.

Ndizi na samaki! Hakusema vilipikwa vipi, na sisi hatutamwongezea. Lakini ukikaa Mbita au Muhuru Bay jioni, ukaona samaki amepasuliwa yuko kwenye wavu na ndizi zinageuzwa pembeni, ujue kwamba sahani hiyo ina ndugu yake mkubwa Mombasa ya mwaka 1331.

MPAKA ZIWANI

Hapa natakiwa kusema wazi ili nisipotoshe. Ndizi hazikuletwa ziwani na wafanyabiashara Waislamu. Walipofika bara katika karne ya 19 walizikuta tayari, zimejaa. Inajulikana kwamba Ahmed bin Ibrahim alifika ikulu ya Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, akawa miongoni mwa wa kwanza kulitangaza neno la Allah huko. Alikuta nchi nzima inaishi kwa mgomba: chakula, kinywaji, kamba, na majani ya kufunikia. Na alikuta Waganda wana aina maalumu ya ndizi iitwayo gonja, ndefu na ngumu, ambayo hadi leo wenyewe huipenda zaidi ikichomwa. Gonja ni ya jamaa moja na ile ndizi ambayo pwani wanaiita mkono wa tembo na Tanzania wengi wanaiita mzuzu.

Mwana wa Suna, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, na akaendelea kwa takriban miaka 10. Fikiria futari ya watu wa ikulu ile. Tende zilikuwa mbali, safari ya miezi kutoka pwani. Mgomba ulikuwa mlangoni.

Lakini historia hii ina sehemu ya machungu, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mwaka 1876 vijana Waislamu wa ikulu, takriban 70, walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka. Miongoni mwa makosa waliyohesabiwa ni kwamba walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka ambao hawakuwa Waislamu. Walikuwa vijana kama sisi. Suala la nani amechinja halikuwa dogo kwao, na walilipia kwa roho zao. Allah awarehemu.

Sasa jiulize: katika karamu ile ile iliyoleta mzozo juu ya nyama, ni chakula gani hakikuwa na mzozo wowote? Ni ndizi. Tunda halichinjwi. Halina kisu wala qibla. Muislamu, Mkristo na asiye na dini hula mkungu mmoja bila mmoja wao kuacha imani yake.

MIGORI NA HOMA BAY

Turudi sasa kwetu. Sehemu hii iliitwa Kavirondo ya Kusini, kisha Nyanza Kusini, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ni kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Ndizi ziliingia kwetu kwa milango zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni maji. Wasuba wa Rusinga na Mfangano husimulia kwamba mababu zao wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga. Watu wanaotoka nchi ya migomba hawasahau mgomba. Mlango wa pili ni milima. Wakisii, jirani zetu wa mashariki, ni wakulima wakubwa wa ndizi, na Wakuria wa Kehancha nao wana migomba yao. Mvua ya nyanda za juu ni nyingi, huku chini ziwani jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Kwa hiyo tangu zamani ndizi ziliteremka na samaki wakapanda. Mluo alipeleka samaki, akarudi na mkungu. Mpaka leo ukisimama kwenye barabara kuu ya Kisumu hadi Isebania, kuanzia Oyugis, upite Kisii, Rongo, Awendo na Migori, utaona biashara hiyo inaendelea juu ya pikipiki na matatu.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na reli. Mwezi wa Disemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, na meli zikaanza kuzunguka ziwa zikisimama katika bandari kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Pamoja na mizigo walishuka Waswahili, Wahindi na Wanubi, na wengi wao walikuwa Waislamu. Kendu Bay ikawa miongoni mwa makao ya mwanzo ya Waluo Waislamu. Ni katika eneo hilo hilo alikozaliwa Mzee Hussein Onyango, aliyesilimu, na ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa ni upishi katika nyumba za Wazungu, kabla ya kuhamia Kogelo. Dunia inamjua kama babu yake Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017. Mimi humkumbuka pia kama Mluo Muislamu aliyejua jiko la Mzungu kuliko Mzungu mwenyewe.

Kwa hiyo wali, pilau, chapati na mandazi vilipanda na reli. Ndizi haikupanda na reli. Ilikuwa inangojea stesheni! Dholuo kwa ndizi ni rabolo, na neno hilo bibi zetu walilijua kabla ya kuijua sambusa.

Na hapa kwetu, Waislamu tu wachache. Ukiolewa au ukioa, ukifiwa au ukimzika jirani, utakaa katika boma ambalo wengi si Waislamu. Ng'ombe atachinjwa. Swali huja pale pale, kwa sauti ya chini: "Nani amechinja?" Wakati mwingine jibu ni zuri, jirani amemwita ustadh mapema, na wote wanakula. Wakati mwingine jibu si zuri, na kijana Muislamu anabaki akitazama sahani, huku mwenye boma akidhani amedharauliwa. Nani asiyeijua hali hiyo?

Nimewaona akina mama wa kijijini kwetu wakilitatua jambo hili bila hotuba. Kando ya moto wa nyama wanawasha mwingine mdogo. Huko wanaweka samaki, ndizi na viazi vitamu. Wageni Waislamu wanakaribishwa huko, na muda si muda na wasio Waislamu wanahamia huko huko, maana harufu yenyewe haivumiliki. Chakula kilichokusudiwa kuwa cha pembeni kinakuwa ndicho kilichowakutanisha watu. Mama yule hajasoma historia ya Namugongo, lakini amelielewa somo lake.

UFUNDI WAKE

Kwa nini moto na si sufuria? Ndizi mbichi karibu sehemu moja ya tano ya nyama yake ni wanga. Inapoiva, wanga huo karibu wote hugeuka sukari. Ndiyo maana ndizi moja ni chakula Jumatatu na ni tunda Ijumaa. Moto hukausha maji, huikaza ile nyama ya ndani, na sukari iliyo juu hugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu. Ndizi za jamii ya gonja hubakiza wanga hata zikiiva, kwa hiyo haziporomoki kwenye wavu. Ndizi tamu ndogo zikiiva sana huwa uji, usizichome bila ganda.

Kwa dada na kaka watakaojaribu:

1. Makaa yawe yameshika majivu meupe, mwali umekwisha. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani ikiwa mbichi.

2. Ndizi mbichi imenye kwanza. Paka mafuta kidogo kwenye kisu na mikono, kwa sababu utomvu wake hunata na kutia madoa. Igeuze mara kwa mara mpaka ikauke na kuwa na madoa ya kahawia. Mpake ndimu, chumvi na pilipili. Hii huliwa na samaki au nyama.

3. Ndizi iliyoiva ichome na ganda lake mpaka ganda liwe jeusi na kupasuka. Pasua, kula kwa kijiko. Ukiwa na tui la nazi kidogo juu yake, utamkumbuka shangazi wa Lamu hata kama huna.

4. Nanasi la Rangwe likatwe vipande vinene, litolewe ule moyo mgumu, likae motoni dakika chache kila upande. Asidi yake hukata mafuta ya nyama.

Pale Forodhani, Unguja, bustani iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009, utakuta jioni mishkaki, mihogo na ndizi vimelala kwenye wavu mmoja. Na ndugu zetu wa Oman wanaiita nyama hiyo mishkak mpaka leo. Ni meza moja imetandikwa kutoka Maskati hadi Mbita.

HATARI ILIYOPO

Urithi huu si wa milele. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uligunduliwa kwenye migomba ya Uganda, na katika miaka iliyofuata ukaenea nchi za jirani pamoja na magharibi ya Kenya. Majani hunyauka na kuwa ya manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na ukikata shina linatoa ute wa manjano. Mgomba ulioshikwa hauponi. Wadudu huubeba ugonjwa kupitia lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, na sisi binadamu huubeba kwa panga.

Kinga yake si ya gharama. Chane ya mwisho ikishatokea, vunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Panga lililokata mgomba mmoja lipitishe kwenye moto au dawa ya klorini kabla ya kukata mwingine. Usichukue chipukizi kutoka shamba usilolijua. Mgomba mgonjwa ung'olewe wote, usibakizwe.

Nilisema mwanzo kwamba kila mgomba uko pale kwa sababu mtu alimpa mwenzake chipukizi. Mlolongo huo wa miaka elfu kwa elfu unaweza kukatikia mikononi mwetu, kwa panga chafu moja tu. Na ipo hatari ya pili, ambayo haina bakteria: kijana kuona haya. Siku atakapopita kwa yule mama wa stendi na kuona kwamba chakula chake hakina hadhi ya kuandaliwa mgeni, mgomba utang'olewa hata kama ni mzima.

NENO LA MWISHO

Ndugu katika imani, Ramadhani hii tufuturu kwa tende, maana ndiyo sunna, na asiye na tende basi maji. Baada ya hapo si lazima sinia lijae vyakula kumi vya kukaanga mpaka mtu ashindwe kusimama tarawehe. Israfu imekatazwa. Samaki mmoja, ndizi chache za kuchoma, ndimu na chumvi, vinatosha familia na jirani.

Nasema na jirani kwa makusudi. Jirani yako wa Kendu Bay, wa Awendo au wa Suna ambaye hafungi, mpelekee sahani ya ndizi zikiwa bado za moto. Hatauliza nani amechinja. Na siku ya sherehe yake, usingoje akuulize kama utakula: mwambie mapema, kwa adabu, kwamba moto mdogo wa ndizi na samaki unakutosha, na kwamba wewe mwenyewe utakuja na mkungu. Vijana wa Namugongo hawakupata nafasi ya kuelewana na wenyeji wao. Sisi tunayo.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, aibariki ardhi yetu na ziwa letu, na atujaalie tuwe watu wa kushukuru kwa kidogo na kwa kingi. Amin.

Wabillahi tawfiq.